Baiskeli ya Mtani

"Ukiitaka hiyo, mtani, itabidi nikuuzie na ngazi yake," alisema Mbaruku, na watu waliokaa kwenye benchi nje ya duka lake la baiskeli pale Korogwe wakaangua kicheko.

Fabiani hakucheka. Alikuwa ameweka mkono juu ya kiti cha baiskeli nyeusi, mpya, inchi ishirini na nne, ambayo mabomba yake yalikuwa bado yamefungwa karatasi za safari. Kiti kilimpita kitovu. Bomba la juu, lile linalotoka chini ya kiti mpaka kwenye usukani, lilimnyookea mbele kama komeo la zizi. Na yeye alikuwa mtu mfupi, mwenye nyonga mbovu.

"Nimekuja kununua," alisema. "Sikuja kuchekesha watu."

"Basi nunua ile pale." Mbaruku alinyoosha bisibisi kuelekea pembeni mwa duka, ambako baiskeli ya kike ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ilikuwa fupi, haina bomba la juu; bomba lake lilikuwa limeinama chini ili mwanamke apitishe mguu bila kupandisha nguo. "Hiyo ndiyo saizi yako. Unapitisha mguu, unakaa, unakwenda. Ukitaka kusimama unaweka mguu chini. Kanga ya kuivalia nitakupa bure."

Benchi zima likacheka tena.

Ubaya wote ulianzia hapo, maana Mbaruku alikuwa anasema kweli. Alikuwa amemwona Fabiani akija kutoka upande wa stesheni, akautazama mguu wa kulia unavyochelewa na kuburuzika kidogo kila hatua, na macho yake ya fundi yakamaliza kazi kabla mteja hajafika mlangoni. Lakini Mbaruku alikuwa Mzigua wa Handeni na Fabiani Mnyamwezi, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakikutana kwenye njia za misafara. Mtani hakasirikiwi. Atakuvua kofia mbele za watu, ataingia uani kwako atoke na kuku, nawe utabaki unacheka. Siku alipozikwa mdogo wake Fabiani, aliyekufa kwa homa kwenye kambi ya wakata mkonge, Mbaruku alijitupa ndani ya kaburi, akalala chali, akasema Wanyamwezi ni wapagazi na hatoki mle mpaka wambebe. Alitoka alipopewa jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Fabiani alimpenda kuanzia siku ile, lakini miaka yote iliyofuata hakuwahi kumsikia akitamka neno moja la kuchukuliwa kama lilivyo.

Kwa hiyo alisikia utani, basi. Alisikia kwamba ameambiwa yeye ni mwanamke, mbele ya benchi zima la watu, na kwamba inampasa kujibu.

"Nipe hii," alisema, akikipiga kiti cha ile kubwa.

Mbaruku aliteremsha bisibisi. "Mtani, sikiliza..."

"Babu zako walikuwa wanatuuzia mihogo mibovu njiani. Wewe leo unataka kuniuzia baiskeli ya mkeo. Nipe hii."

Mbaruku aliangalia watu wa kwenye benchi, akaona wote wanangoja jibu, akalitoa. "Haya. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Pwani, na wewe kabebe chuma."

Fabiani alilipa, akaikokota baiskeli yake mpaka nyumbani Kilole. Hakuthubutu kuipanda mbele ya duka.

Haikuwa anasa. Fabiani alikuwa ameletwa na treni kutoka kwao Tabora akiwa kijana, manamba kama wengine wote, na mkonge ulikuwa umemla kidogo kidogo. Ulianza na vidole, ukaenda mgongoni, kisha siku moja toroli lililojaa majani likaacha reli na kumbana nyonga ya kulia kwenye nguzo. Tangu hapo mguu ulikubali kwenda mbele na kurudi nyuma, ulikubali hata kukunja goti, ila kunyanyuka kwenda pembeni ulikataa kabisa. Wakamtoa kwenye kukata, wakampeleka korona, kwenye mashine inayokamua majani ya mkonge na kutoa nyuzi za singa, akawa anazibeba zikiwa mbichi na kuzianika kwenye nyaya. Korona ilikuwa karibu na Kilole. Alikuwa akitoka nyumbani kengele ya kwanza ikilia na kufika kabla ya ya pili.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka huko Ulaya inakouzwa, na wenye shamba wakaifunga korona ile. Ilikuwa mwaka uleule picha ya Malkia mpya ilipobandikwa ofisini, akiwa kijana mno kwa mtu mwenye mali yote ile. Wafanyakazi walihamishiwa korona kubwa, mbali, kule nyuma ya vilima, na wengi wakahamia kambi ya huko na mikeka yao. Fabiani hakuhama. Akawa anaamka giza bado nene, anatembea, na akifika watu wameshahesabiwa.

"Mzee Fabiani, shikamoo," nyapara Yordani alikuwa akimwambia kila mara, kwa adabu, huku anatikisa kichwa. Alikuwa kijana ambaye Fabiani angeweza kumzaa. "Umechelewa tena. Kambini kuna chumba. Hamia, upumzishe huo mguu."

"Nitahamia, Bwana Yordani."

"Lini?"

Jibu lilikuwa limekaa Kilole, kwenye kigoda, likichambua mchicha kwa vidole.

Hilaria, mkewe, alikuwa haoni. Macho yalimwanzia ukungu mwaka alioozwa binti yao Elina, akawa anasema ni moshi wa kuni, baadaye akaacha kusema. Lakini nyumba ile aliifinyanga mwenyewe udongo wake, alipoteremka kutoka kwao Lutindi, kule milimani, kuja kuolewa na mtu wa mbali ambaye wazazi wake hawakumtaka. Alijua kila kitu kilipo. Alitoka mlangoni, akapita kinu kushoto na pipa la maji kulia, akafuata kamba ya nguo mpaka kwenye bustani yake ya mboga, akapalilia, akarudi, akapika, wala hakuungua. Mgeni asiyeambiwa angeweza kukaa nusu siku asitambue.

Walizungumza habari za kambi mara moja tu. Ni vyumba vya mstari, milango yote inafanana, jiko ni la watu wote, na choo kiko mbali.

"Hapa sioni, basi," Hilaria alisema. "Kule nitakuwa kipofu."

Fabiani hakulitaja tena jambo hilo. Ndiyo maana akatoa akiba yote ya nyumba na kwenda dukani kwa Mbaruku.

Jioni ile, alipoiegemeza baiskeli ukutani, Hilaria alitoka akiifuata harufu ya mafuta na mpira mpya. Alipapasa gurudumu, akapanda na spoki, akafika kwenye kiti. Mkono wake ukasimama hapo. Akauteremsha ubavuni mwake mwenyewe akipima, kisha akaurudisha kwenye kiti.

"Hiki kiti kiko juu, Baba Elina."

"Ni baiskeli ya kiume."

"Ya mwanamume yupi?"

Alikuwa na ulimi huo tangu usichana. Fabiani alikasirika, akala kimya, na kwa hasira hiyohiyo akaamka alfajiri aionyeshe dunia.

Kupanda alipanda. Alikuwa anaiegemeza kwenye ngazi ya udongo mbele ya nyumba, anasimama juu ya ngazi, anauburuza mguu mbovu juu ya bomba kwa mikono yake miwili kama mtu anayepitisha mzigo dirishani, kisha anajisukuma. Pedali ikiwa juu, sawa. Ikishuka chini ilimkimbia, akawa anaifuata kwa ncha za vidole, na kiuno kikawa kinayumba kushoto, kulia, kushoto, mpaka anafika kazini mapaja yamechubuka. Lakini alifika! Siku ya kwanza alifika kabla ya kengele. Yordani akamsifu. Dunstan, aliyekuwa akifanya naye kazi ya kuanika, akaizunguka baiskeli mara mbili akisema sasa mzee amekuwa mtu mkubwa.

"Mtani wangu alitaka nichukue ya kike," Fabiani alimwambia.

"Mtani huyo. Akikwambia kulia, wewe nenda kushoto."

Wote wawili walicheka, na Fabiani akaona amefanya vizuri.

Alichokuwa hakijui, na akajifunza kwa taabu, ni kwamba kuendesha si kazi. Kazi ni kusimama. Mtu ambaye mguu wake haufiki chini hawezi kusimama popote anapotaka. Anasimama penye kitu cha kukanyagia. Ikawa njia nzima kutoka Kilole anaijua kwa mawe yake na vichuguu vyake. Hapa kuna gogo, hapa kuna ukingo wa mtaro, hapa hakuna kitu, omba usikutane na ng'ombe. Aliwahi kupitiliza nyumba ya mtu aliyemsalimia, akawa anaitikia salamu kwa sauti huku anatokomea, na mwenye nyumba akaona mzee ameanza kuringa. Jioni alikuwa akifika amechoka kuliko alivyokuwa akichoka kwa miguu, na uchovu huu ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu hakuweza kuulalamikia. Alijinunulia mwenyewe.

Jumamosi moja, baada ya mvua, alikuwa anamaliza kushuka mteremko wa mwisho kabla ya korona, pale reli ndogo ya toroli inapokata barabara. Toroli lilikuwa linakuja. Vijana waliokuwa wanalisukuma walimpigia kelele. Alishika breki, baiskeli ikatii, ikasimama katikati ya barabara tambarare isiyo na jiwe wala ukingo, na kwa muda wa kutosha kabisa kujutia, Fabiani alikaa juu ya kiti chake akiwa hana pa kuweka mguu. Kisha akaanguka upande wa kulia, bomba la juu likamfuata na kumlalia nyongani.

Toroli lilipita. Vijana walirudi kumwinua. Kengele ililia wakati wanamfuta tope.

Yordani hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimkalisha kwenye gunia la singa, akamtazama goti linalovuja damu, akatazama pedali iliyopinda.

"Mzee, mimi nimekuficha mpaka nimechoka. Bwana mkubwa ameniuliza kwa nini nina mtu ambaye hayupo kengele ikilia. Leo rudi nyumbani. Jumatatu uwepo kwenye mstari. Usipokuwepo, nafasi yako kwenye nyaya nampa mtu wa kambini. Nisamehe."

"Hujanikosea, baba."

"Chumba bado kipo."

"Najua kipo," alisema Fabiani.

Akageuka, akaikokota baiskeli njia yote aliyojia. Alikuwa anaiegemea kama mkongojo, na ilikuwa ndefu mno hata kwa kazi hiyo. Alichoka miguu, alichoka mikono, alichoka na ile sauti ya pedali iliyopinda ikigonga kila gurudumu linapozunguka. Njiani alijaribu kupanga maneno ya kumwambia Hilaria kuhusu chumba cha kambini. Alifikiri atamfungia kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni, kisha akakumbuka kwamba jiko ni la watu wote na kamba ingekatwa siku ya kwanza. Alipofika Korogwe alikata kwenda dukani kwa Mbaruku ili pedali inyooshwe.

Watu walikuwepo kwenye benchi la Mbaruku. Walimwona anakuja, tope mpaka masikioni, na wakajiweka tayari. Hata Fabiani mwenyewe alijiweka tayari. Mbaruku alitoka mlangoni na tairi mkononi, akamtazama juu mpaka chini, na hakusema kitu.

Fabiani aliogopa. Alikuwa hajawahi kuona mtani wake akinyamaza.

Mbaruku aliweka tairi chini, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya duka penye kivuli cha ukuta. Akaleta maji kwenye kopo, akachuchumaa, akaanza kumwosha goti taratibu kwa kitambaa safi.

"Niseme?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sema."

"Siku ile nilikuwa nasema kweli."

Fabiani alitazama utosi wa mwenzake, nywele zilivyoanza kuwa nyeupe. "Kweli gani?"

"Kwamba ile ndogo ndiyo yako. Uliponipa kisogo nilitaka kukufuata mpaka nyumbani. Nikafikiri, nikimwendea Mnyamwezi huyu bila utani, atadhani nimeleta habari ya msiba."

"Ningedhani hivyo."

"Basi." Mbaruku alikamua kitambaa. "Nami ilinipasa kuacha utani kwa siku moja. Sikuweza. Watu walikuwa wanasikiliza, na mimi nikisikilizwa kichwa kinanivimba. Kosa ni langu nusu."

"Nusu?"

"Nusu nyingine ni yako, mkaidi wewe."

Aliinuka, akaingia dukani, akarudi akiikokota ile baiskeli ya kike. Ilikuwa imefunikwa gunia. Alipoliondoa, Fabiani aliona kwamba kiti kilikuwa kimeshushwa, mnyororo umepakwa mafuta, na keria imefungwa nyuma. Vumbi hapakuwa na hata chembe.

"Mwalimu wa misheni aliitaka," alisema Mbaruku. "Nikamwambia ina mwenyewe. Panda."

Fabiani alipitisha mguu mbovu pale bomba lilipoinama. Ulipita. Hakuunyanyua kwa mikono, hakutafuta jiwe. Alikaa, akaweka nyayo zote mbili chini, akabaki amekaa hivyo. Alikuwa amesahau kukaa juu ya kitu bila kuogopa kushuka.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini? Si umekaa?"

"Kule korona wako watu wengi kuliko walio kwenye benchi lako. Nikiingia na hii Jumatatu, watanipa jina, na jina hilo nitazikwa nalo. Na sina cha kukulipa tena, mtani. Ile kubwa imepinda."

Mbaruku alikuna kidevu. Alimtazama Fabiani, akatazama ukuta ambao nyuma yake watu walikuwa bado wanangoja kuchekeshwa, kisha sura yake ikabadilika, ikarudi ile sura ya siku zote. Alitoka mbio mpaka mbele ya duka, akaikamata ile baiskeli kubwa usukani na kiti, akainyanyua juu ya kichwa chake.

"Jamani, mtanishuhudia!" alipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Namnyang'anya Mnyamwezi baiskeli yake! Mpagazi anapanda baiskeli tangu lini? Naichukua, ni yangu! Akitaka kurudi kwake, apande ya mke wangu! Akitaka kuikomboa, alete jogoo!"

Benchi lililipuka. Mtu mmoja alipiga vigelegele kama mwanamke. Wapita njia walisimama, wakaulizana, wakaelezwa kwamba ni watani, wakacheka nao. Na Fabiani, ambaye alikuwa ametokeza pembeni ya ukuta juu ya baiskeli ya kike, goti limefungwa kitambaa, alimwona Mbaruku akimtazama kutoka katikati ya zile kelele, macho yake hayachekeshi mtu. Hapo ndipo alipoelewa amepewa nini.

"Mwizi wewe!" alipaza sauti. "Mzigua mwizi! Huko kwenu mvua yenyewe mnaiazima!"

"Jogoo!" Mbaruku alijibu. "Bila jogoo sikujui!"

Nyumbani Hilaria aliligusa goti, akauliza limekuwaje, akaambiwa, akatupa kitambaa chini. Habari ya baiskeli nyingine hakutaka kuisikia. Alisema vyuma vya Fabiani na mtani wake yeye hana shughuli navyo, waweke popote ila wasiweke njiani mwake. Jumapili ilipita hivyo.

Jumatatu Fabiani alifika korona kabla ya kengele. Walimwona kutoka mbali, na kicheko kilianza kabla hajavuka reli ya toroli. Pale kwenye reli alisimama, akaweka mguu chini, akatazama kushoto na kulia, akavuka.

"Mzee Fabiani! Umemvua nani hiyo?"

"Mama Elina anakwenda na nini sokoni leo?"

"Mtani wangu Mzigua kaninyang'anya ya kwangu," alisema Fabiani, akishuka. "Mbele ya watu, mchana kweupe. Kaniachia ya mkewe, anataka jogoo."

Kicheko kiligeuka. Kilikuwa kinamjia yeye, sasa kikampita na kwenda Korogwe kwa Mbaruku. Wazigua waliokuwepo walirusha mikono juu kwa ushindi, Wanyamwezi wakaapa kulipiza, mmoja akataka kujua kama kaburi la Mbaruku halijachimbwa wakajilalie. Dunstan alimpiga begani kwa furaha. Hakuna aliyempa jina. Nani angempa jina mtu aliyenyang'anywa na mtani wake?

Yordani alikuja mwisho. Hakucheka sana. Aliitazama baiskeli, akatazama kiti kilichoshushwa, akatazama nafasi iliyo wazi pale bomba la juu lilipopaswa kuwa, kisha akatazama mguu.

"Utaikomboa lini, mzee?"

"Nikipata jogoo."

"Majogoo wapo tele."

"Yule anataka mwenye rangi anayoijua mwenyewe."

Kengele ikalia. Watu walijipanga, na Fabiani akaingia kwenye mstari mahali pake, kati ya Dunstan na mtu wa Urundi. Yordani alipompita kumhesabu, aliinama kidogo.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "huyo jogoo usimtafute kwa haraka."

Kazi ilikuwa ileile. Singa zilikuwa nzito kwa maji, nyaya ndefu, jua kali, na maji ya mkonge yaliingia kwenye michubuko ya zamani na kuiwasha kama kawaida yake. Fabiani hakupata ujana kwa sababu ya baiskeli. Mchana nyonga iliuma, na jioni alipopitisha mguu na kukaa, alikuwa mtu aliyechoka anayerudi nyumbani. Tofauti ni kwamba nyumba ilikuwepo.

Hilaria alikuwa kwenye kigoda chake. Alisikia kengele ndogo ya baiskeli, akasikia mnyororo, akasubiri ile ngazi ya udongo ikanyagwe na mzee aanze kuhangaika kushuka. Haikukanyagwa. Alisikia nyayo mbili zikigusa ardhi pamoja, basi.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Wamekuhesabu?"

"Wamenihesabu, Mama Elina."

Mikono ya Hilaria ilikuwa imetulia juu ya mchicha, na Fabiani aliona kifua chake kikishuka taratibu, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu Jumamosi. Kisha akainuka, akapita kinu, akaja mpaka kwenye baiskeli aliyokuwa amesema hana shughuli nayo. Akapapasa kiti. Akaushusha mkono ubavuni mwake, akakubali. Mkono ukaendelea mbele kutafuta bomba, ukapita hewani. Akaurudisha, ukapita tena.

"Hapa pako wazi," alisema.

"Ndiyo ilivyo. Ni ya kike."

Fabiani alisubiri ulimi wake. Alikuwa amechoka mno kujibu, angemwachia aseme. Hilaria alishika usukani kwa mkono mmoja, akakusanya kanga kwa mkono wa pili, akapitisha mguu pale palipo wazi na kukaa.

"Mama Elina! Unafanya nini?"

"Shika nyuma."

"Nimechoka, mke wangu."

"Najua umechoka. Shika, unisukume."

Alishika keria. Mikono ilimuuma mpaka mabegani, na nyonga ikamkumbusha Jumamosi, lakini alisukuma. Hilaria aliweka miguu yake juu ya pedali na kuinua kidevu. Baiskeli iliyumba, ikakaa sawa. Alikikwepa kinu kabla Fabiani hajafungua mdomo. Alipita pipa la maji, akafuata kamba ya nguo, akainamisha kichwa mahali hasa kamba ilipo chini, akazunguka bustani yake ya mboga bila kukanyaga tuta. Walirudi mpaka mbele ya nyumba, pale njia ndogo inapotoka kwenda barabarani, na Fabiani akalegeza mikono, akijua amemaliza.

Hilaria hakukata kona. Aliunyoosha usukani kuelekea kwenye njia, akaitafuta kengele kwa kidole gumba mpaka akaipata, akaipiga.

"Kuna mtu mbele?" aliuliza.

Fabiani alitazama. Jua lilikuwa linashuka upande wa Handeni, na barabara ilikuwa nyekundu, tupu.

"Hakuna."

"Basi usiniachie."

Aliishika keria upya, kwa mikono yote miwili.